Miguu yachoma usiku: je, vitamini za sukari na moyo zitanifaa?

SWALI: Nina miaka 58, naishi Kisauni, Mombasa. Nina sukari mwaka wa tisa huu, na presha juu yake. Nameza metformini ya sukari gramu 1 asubuhi na gramu 1 usiku, losartani ya presha, atovastatini ya mafuta ya damu, na omeprazoli ya kiungulia. Kipimo changu cha mwisho cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilisoma asilimia 7.9. Kwa mwaka mzima sasa nyayo zanichoma usiku, na vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi. Nimeambiwa ni sukari tu. Jirani aniuzia mkebe wa vitamini "za kushusha sukari na kuzibua mishipa ya moyo", vidonge 60, shilingi 4,800. Kila kidonge kimeandikwa kina vitamini C miligramu 500, E yuniti 400, D yuniti 1,000, B3 miligramu 250, B6 miligramu 50, B12 mikrogramu 6, bayotini mikrogramu 5,000 na kromiamu mikrogramu 200. Nimeze viwili kwa siku. Ninunue?

JIBU: Usinunue, mama. Hakuna vitamini inayoshusha sukari ya mtu asiyepungukiwa nayo, na hakuna inayozibua mshipa wa moyo. Ila katika orodha hiyo ipo moja ambayo huenda mwili wako waihitaji kweli, nayo ndiyo waliyoitia kwa uchoyo: B12. Mkebe mzima, vidonge vyote 60, una mikrogramu 360. Kidonge kimoja cha kutibu upungufu wa B12 kina mikrogramu 1,000.

Tuanze na hiyo B12, kwani ndipo penye faida yako. Metformini ni dawa nzuri na sikuambii uiache. Lakini ina tabia moja inayosahaulika sana kliniki: huzuia B12 isifyonzwe ipasavyo. B12 ya chakula hushikwa na protini maalumu inayotolewa na kuta za tumbo, kisha viwili hivyo huteremka pamoja hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na huko ndiko B12 huingia damuni kwa msaada wa kalsiamu. Metformini huvuruga hatua hiyo ya mwisho. Omeprazoli nayo yaharibu hatua ya kwanza: hukata asidi, na bila asidi B12 iliyoshikamana na nyama au samaki haibanduki vizuri. Wewe watumia zote mbili.

Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu huanza metformini leo, na upungufu ukaja kujitokeza baada ya miaka minne, mitano au zaidi, wakati hakuna tena anayekumbuka kuuhusisha na dawa. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyokuwa mingi, ndivyo hatari inavyopanda. Na wewe uko kwenye gramu 2 kwa siku. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba upungufu huu ni wa kawaida kwa watumiaji wa metformini, na kwamba mwenye dalili apimwe.

Dalili zenyewe ni kuchoma, kuchomachoma kama sindano, na ganzi inayoanzia vidoleni na kupanda. Sukari nayo huiharibu mishipa ya fahamu ya miguu kwa sura hiyo hiyo, hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa kutazama tu. Kwa hivyo aliyekwambia "ni sukari tu" huenda yuko sahihi, lakini amesema kabla ya kupima. Jiangalie pia mambo haya: ulimi umekuwa laini na unawasha? Unayumba ukifumba macho wakati wa kunawa uso? Wasahau kuliko zamani, au wachoka bila sababu? Hayo yakiwepo, B12 yazidi kushukiwa. Yasipokuwepo, bado haijaondoka.

Kipimo ni cha damu tu. Mwombe daktari wako aandike B12, hesabu kamili ya damu, figo, na tezi ya shingo, kwa sababu figo na tezi pia huleta ganzi. Maabara ndogo nyingi hazifanyi B12 zenyewe. Huchukua damu na kuituma maabara kubwa, kwa hivyo jibu laweza kuchukua siku kadhaa. Jambo la kuchunga: usimeze vitamini yoyote yenye B12 wala kudungwa kabla ya damu kutolewa. Ile sindano nyekundu ya "kuamsha mishipa" inayodungwa kwenye makemisti ya mitaani, wekundu wake ndiyo B12 yenyewe. Ukidungwa leo na ukapimwa wiki ijayo, karatasi itasoma juu, daktari atasema huna upungufu, na kisa chako kitafungwa hapo.

B12 ikiwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, huo ni upungufu. Maabara nyingine huandika pikomoli kwa lita, na huko mpaka ni kama 150, kwa hivyo soma kipimo kilichoandikwa kando ya tarakimu kabla ya kushtuka. Kati ya pikogramu 200 na 300 ni mahali pa shaka, na kwa mtu mwenye ganzi kama wewe madaktari wengi huamua kutibu na kutazama. Usikubali kuambiwa "damu yako iko sawa, hivyo B12 si tatizo" kwa sababu tu hesabu ya damu haikuonyesha upungufu wa damu. Mishipa ya fahamu yaweza kuumia huku damu ikionekana nzima, hasa kwa mtu anayemeza foliki asidi: foliki asidi hurekebisha damu na kuficha upungufu, na uharibifu wa mishipa ukaendelea kimyakimya.

Matibabu si ghali wala si ya ajabu. Mwenye dalili za mishipa ya fahamu kwa kawaida huanzwa kwa sindano za mikrogramu 1,000, za karibukaribu mwanzoni kisha za mbali. Ratiba hutofautiana, ipange na daktari. Baadaye, au kwa upungufu mwepesi, vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku hutosha. Dozi hiyo huonekana kubwa mno ukiilinganisha na haja ya siku, ambayo ni mikrogramu 2.4, lakini ina hesabu yake: karibu asilimia 1 ya B12 hupenya utumbo yenyewe bila kuhitaji ile protini. Asilimia 1 ya 1,000 ni mikrogramu 10, na hiyo yatosha hata kama njia ya kawaida imefungwa. Asilimia 1 ya zile 12 unazoambiwa umeze kwa siku si kitu. Kuchoma huanza kupungua kwa wiki kadhaa. Ganzi hudai miezi, na iliyokaa miaka huenda isiishe yote. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda kupima wiki hii na si baada ya Ramadhani.

Sasa mkebe wenyewe. Watu wengi husoma kiasi cha kidonge na kusahau maelekezo. Umeambiwa viwili kwa siku, basi kila tarakimu izidishe kwa mbili.

B6 yawa miligramu 100 kwa siku. Mwanamke wa umri wako ahitaji 1.5. B6 nyingi ikimezwa miezi mfululizo huharibu mishipa ya fahamu, na dalili zake ni kuchoma na ganzi ya miguu. Yaani ungekuwa unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi, na kadiri ilivyozidi ndivyo ungemeza zaidi. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Marekani bado waweka 100. Mimi kwa mtu ambaye miguu yake tayari yachoma ningekaa na wa Ulaya. Hapo pia ndipo penye shida ya vidonge vingi vya B1, B6 na B12 vinavyouzwa kama dawa ya mishipa: tazama B6 yake kwanza.

Vitamini E yawa yuniti 800. Hii ilijaribiwa vizuri kabisa kwa watu kama wewe, wa miaka 55 kwenda juu wenye maradhi ya moyo au sukari, katika utafiti mkubwa wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000. Zaidi ya watu 9,500, yuniti 400 kila siku kwa miaka minne na nusu hivi: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Walipoendelea kufuatwa, matokeo ya 2005 yalionyesha kwamba waliomeza E walipata moyo kushindwa kusukuma damu zaidi ya wasiomeza. Neno "kulinda moyo" kwenye mkebe halina pa kusimama hapo.

B3 yawa miligramu 500. Kwa dozi kubwa hii ni dawa, si vitamini tena. Zamani ilitumika kushusha mafuta ya damu, mpaka utafiti wa HPS2-THRIVE wa mwaka 2014, uliokuwa na watu zaidi ya 25,000 waliokuwa tayari kwenye statini (kundi la dawa la atovastatini yako), ulipoonyesha kwamba gramu 2 kwa siku hazikuzuia mshtuko wa moyo, na kwamba sukari iliwaharibikia wagonjwa wengi wa sukari. Dozi yako ni robo ya hiyo, lakini kuelekea upande huo ukiwa na 7.9 hakuna maana. Huenda ikakuchoma uso na kifua pia, uone wekundu na joto dakika chache baada ya kumeza. Wauzaji huwaambia watu hiyo ni "sumu inatoka".

Bayotini yawa miligramu 10, wakati haja ya siku ni mikrogramu 30. Haina madhara makubwa mwilini. Madhara yake yako maabara. Huvuruga vipimo vingi vya kisasa, vikiwemo vya tezi na kile cha troponini kinachotumiwa hospitalini kujua kama moyo umepata mshtuko. Mtu aja na maumivu ya kifua, kipimo chasoma chini kwa uongo, arudishwa nyumbani. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya hili mwaka 2017, na kifo kimoja kilitajwa. Mwenye sukari na presha ndiye hasa atakayehitaji kipimo hicho kiseme kweli. Ukiwa unatumia vidonge vya nywele na kucha, waambie maabara, na viache angalau siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu.

Vitamini C ya gramu 1 yaweza kuzidanganya mashine nyingine za sukari, hasa kile kifaa kinachobandikwa mkononi, kikasoma juu kuliko ukweli. Anayejidunga insulini kwa kufuata namba hiyo aweza kushuka sukari vibaya. Wenye historia ya mawe ya figo nao waikwepe. Haja yako ni miligramu 75 kwa siku, na pera moja la kawaida latosha na kubakisha. Ubuyu pia una C, lakini ule mwekundu wa kwenye pakiti umepakwa sukari na rangi, hivyo usijidanganye nao. Vile vidonge vya C vinavyotoa povu kwenye maji hubeba sodiamu pia, aghalabu miligramu mia mbili na zaidi kwa kimoja, na wewe una presha.

Kuhusu vitamini D nitakuwa mpole kidogo. Haizuii sukari wala maradhi ya moyo: utafiti wa D2d wa 2019 uliwapa watu waliokaribia kupata sukari yuniti 4,000 kwa siku bila kupata tofauti ya kutegemewa, na ule wa VITAL, watu 25,871 kwa yuniti 2,000, haukupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Lakini mifupa ni jambo lingine. Jua la Mombasa ni kali, ila mwanamke anayetoka amevaa buibui na kushinda ndani ya nyumba halimpati. Kukaa uani au juu ya dari mikono na miguu ikiwa wazi, dakika 15 hivi mara kadhaa kwa wiki, hufanya kazi. Asiyeweza, yuniti 600 hadi 1,000 kwa siku, ya D peke yake, ni salama. Ziko kapsuli za yuniti 50,000. Hizo ni za wiki, kwa maagizo ya daktari, na kuna watu huzimeza kila siku mpaka kalsiamu ikapanda na figo zikaumia. Ikiwa losartani yako ni ile iliyochanganywa na dawa ya kukojosha ya haidroklorothayazidi, hatari ya kalsiamu kupanda ni kubwa zaidi.

Kromiamu haijathibitika kuwa na faida ya kulipiwa. Mdalasini nao, unaosifiwa kushusha sukari, utie kwenye pilau kwa ajili ya pilau.

Kuna madini mawili ambayo mkebe haukuyataja na ni muhimu kwako kuliko vitamini zilizomo. Magnesiamu hushuka kwa watu wanaotumia omeprazoli muda mrefu, na zaidi wakiwa na dawa ya kukojosha. Dalili ni misuli kukaza na moyo kudunda ovyo. Muulize daktari kama kiungulia bado chataka omeprazoli kila siku. Watu wengi huandikiwa ya wiki nne wakaimeza miaka minne. La pili ni potasiamu: losartani huipandisha, kwa hivyo kaa mbali na chumvi mbadala "isiyo na sodiamu", ambayo mara nyingi ni potasiamu tupu. Dafu moja kwa siku halina neno kama figo zako ni nzima. Figo zikiwa zimedhoofika, madafu yaulizie kwanza.

Chakula nacho kina sehemu, na Mombasa hatuna haja ya kuagiza kitu mbali. Pweza aliyepikwa, gramu 100, ana karibu mikrogramu 36 za B12. Dagaa na jodari wanayo ya kutosha. Kikombe cha maziwa kina kama mikrogramu 1. Ila kama tayari umepungukiwa, usijaribu kujitibu kwa supu ya pweza, kwani shida yako iko kwenye kufyonza. Folate, yaani ile foliki asidi ikiwa kwenye chakula, iko kwenye mbaazi, kunde na mchicha. Mchicha usiuchemshe na kumwaga maji. Vitamini B na C huyeyuka humo. Uoshe kwanza ndipo uukate, upike kwa maji kidogo, funika, dakika tano zatosha. Mahamri na mbaazi ya asubuhi sikunyimi: geuza vipimo tu, bakuli la mbaazi liwe kubwa na hamri liwe moja, na tui liwe lile jepesi la mkamuo wa pili. Samaki wa kupaka au wa mchuzi ni bora kuliko wa kukaanga hadi akawa kaukau kwenye mafuta yaliyotumika jana. Unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani nchini hulazimika kuongezewa vitamini tangu 2012, kwa hivyo hata chapati yako ina folate na B12 kidogo.

Kinachoulinda moyo wako tayari kiko kwenye kabati lako. Atovastatini, kwa miligramu 10 tu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa sukari 2,838 katika utafiti wa CARDS, na mwaka 2004 ikaonekana imepunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37. Hakuna vitamini iliyowahi kukaribia hapo. Ni kweli statini hupandisha sukari kidogo, na wauzaji wa mikebe huishika hoja hiyo sana, lakini faida yake kwa moyo ni kubwa kuliko upandaji huo. Usiiache. Presha uitafutie kukaa chini ya 130 juu na 80 chini ikiwa mwili wastahimili.

Neno moja juu ya ile 7.9. Upungufu wa B12, folate au madini ya chuma huzifanya chembe nyekundu za damu zikae muda mrefu, na kipimo cha miezi mitatu husoma juu kuliko sukari yenyewe. Kwa upande mwingine, watu wengi wa Pwani wamebeba nusu ya selimundu (wamerithi ugonjwa huo wa chembe za damu kwa mzazi mmoja tu, hawaugui) bila kujua, na kwao kipimo hicho huweza kusoma chini. Kwa hivyo pima kidole asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku tatu, uandike, umwonyeshe daktari karatasi hiyo pamoja na ile 7.9. Zikipingana, dawa yako isiongezwe mpaka ijulikane ipi yasema kweli.

B12 ikitoka zaidi ya 300 na figo na tezi zikawa sawa, basi yaelekea miguu ni sukari yenyewe, na zipo dawa za kutuliza kuchoma: amitriptilini dozi ndogo wakati wa kulala, ila si kwa kila mwenye matatizo ya moyo, au gabapentini. Kipimo cha B12 kirudiwe kila mwaka maadamu uko kwenye metformini. Na kwa kuwa nyayo zimeanza ganzi, usitembee peku hata uani, usizikande kwa maji ya moto wala mkaa, jaribu maji ya kuoga kwa kiwiko, na kila usiku tazama chini ya nyayo kwa kioo au umwite mtoto akuangalilie. Ukiona kidonda, lengelenge, au mguu mmoja umekuwa baridi na kubadilika rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hauumi.